Yatima wa Fanias

Kwako kaka yangu Menilo, huko Lemnos.

Mimi mdogo wako Aristila nakusalimu kutoka Erkia. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma lililonitesa tangu mavuno ya shayiri, hadi mtumwa wetu Lide akalifunga uzi na kuling'oa. Nakuuliza hali, na safari hii siulizi kwa desturi tu. Goti lako linaendeleaje na ule upepo wa kisiwani? Wifi yangu macho yamepona? Muuza jibini aliyepita hapa aliniambia kwamba mwanao wa mwisho tayari anawakimbiza kondoo, na kwamba ana miguu kama yako, ya kuingia ndani. Nilicheka peke yangu siku nzima. Kaburi la mama nililifunga utepe siku yake, nikalimwagia maziwa, nikamtajia jina lako kama ulivyoniagiza. Maua ya mizeituni yalipigwa na upepo mwaka huu, kwa hiyo hatutarajii makubwa, lakini njaa haitaingia.

Najua barua ya mwanangu Eupolemo imekufikia kabla ya hii. Amekuomba upande chombo uje Athene umtolee ushahidi dhidi ya baba yake mkubwa, na nakujua wewe, labda umekwisha kufunga mzigo. Kaka, ufungue. Tafuta mahali pa kukaa peke yako, mbali na watoto, uisome barua hii mpaka mwisho. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na utaona herufi zimepinda. Tangu baba alipotufundisha sote wawili kwa kijiti na mchanga, sijaandika kitu kirefu kuliko majina ya mitungi. Lakini haya siwezi kumtamkia mwandishi yeyote.

Nianze na la furaha. Mwanao Eupolemo, maana wewe humwita mwanao na si mpwa wako, ameandikwa katika daftari la kata. Wanaume walikutana, wakaapa, wakapiga kura juu yake: kama kweli ametimiza miaka kumi na minane, na kama ni mtoto halali wa baba raia na mama raia. Mimi sikuwepo, bila shaka, lakini nilisimuliwa na watu watatu na wote walisimulia kichekesho kilekile. Mzee Kefisio, yule mwenye nyuki, alisimama akapiga kelele: "Mnauliza kama ana kumi na minane? Ulizeni kama hajafika thelathini! Tazameni mabega hayo. Marehemu Fanias alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, sasa dume hili kalitoa wapi?" Watu wakaangua kicheko, kura zikapigwa, zote zikawa za ndiyo. Alirudi nyumbani amekata nywele zake za utotoni, shingo nyeupe, akanishika mabega akaninyanyua juu kama mimi ndiye mtoto. Nilipika samaki na vitumbua vya ufuta na asali. Shemeji Straton alikuja, akakaa pembeni, akala kidogo, na mara mbili nilimwona akifuta macho. Baadaye watu waliyasema sana machozi hayo.

Straton unamjua. Ni mtu wa kuhesabu tini kabla hajaziweka mezani, na kuzihesabu tena wageni wakiondoka. Miaka kumi na minane mali ya Eupolemo ilikuwa mikononi mwake, kwa kuwa mume wangu Fanias alikwenda vitani bila kuacha wosia na yakarudi majivu yake tu. Siku ya tatu baada ya kura alimkabidhi kijana urithi wake. Eupolemo alizunguka kila mahali mwenyewe. Ghalani aliigonga mitungi ya mafuta mmoja mmoja, na mingi ililia kama ngoma. Kwenye karakana ya vitanda, ambako baba yake aliacha mafundi saba watumwa, alikuta watatu, na mmoja wao anapapasa mbao kwa vidole kwa sababu macho yamekwisha. Kwenye shamba la mizabibu la bondeni alikuta jiwe limesimikwa mpakani, limechongwa maandishi kwamba shamba limewekwa rehani kwa mtu wa Peania.

Alimwuliza baba yake mkubwa mafuta yamekwenda wapi na mafundi wamekwenda wapi. Straton alimjibu neno moja: "Nilitumia." Alipomwuliza alitumia kwa lipi, Straton akajifunga vazi lake begani, akaondoka.

Watu si vipofu, kaka. Katika miaka hiyohiyo Straton aliwaoza mabinti zake wawili, na kila mmoja alikwenda kwa mumewe na mali ambayo hata matajiri wa mjini waliizungumza. Basi kijana wangu akajumlisha mwenyewe. Siku ya soko alimkuta baba yake mkubwa ananunua dagaa, akasimama katikati ya njia akaita kwa sauti: "Jamani, mtazameni mla mayatima! Kitambi chote kile ni mafuta ya baba yangu!" Straton alilipa dagaa wake, akachukua kikapu, akapita. Sitakuficha, nilipoambiwa nilifurahi. Miaka yote hiyo nilikuwa namwomba unga kama ombaomba mlangoni, na yeye anapima, anakwangua juu ya kibaba kwa kijiti ili punje isizidi.

Eupolemo akafungua mashtaka. Alipata mwandishi wa hotuba huko Athene, mtu mmoja mkondefu mwenye vidole vya wino ambaye hucheka kabla hajasema, na kila baada ya siku chache alikuwa anakwenda huko na kurudi na maneno mapya. Kesi ilipelekwa kwanza kwa msuluhishi, kama ilivyo desturi. Straton alifika bila shahidi na bila hati. Alipotakiwa ajibu alisema kwamba hana la kusema. Msuluhishi, mzee mpole, alimwuliza mara tatu: "Straton, unajua unachokifanya? Sema lolote." Hakusema. Hapa Erkia hata wake za jamaa zake waliacha kumsalimia mkewe kisimani, na wakwe zake wawili wakaanza kuogopa kwamba mali waliyopewa itafuatwa mpaka mikononi mwao. Mimi nilidhani ni hatia inayomfunga mdomo. Wewe pia ungedhani hivyo.

Kisha ikaja alasiri moja. Eupolemo alirudi kutoka mjini, akaketi uani kufungua kamba za viatu. Lide alikuwa anasaga shayiri pale pembeni, mimi nachambua dengu. Akatuambia kwamba yule mwandishi amepata njia ya kummaliza Straton. Lide ndiye aliyekaa na funguo za ghala nilipokuwa mgonjwa, tena ndiye aliyewafungulia mlango watu wa Straton kila walipokuja. Anajua ni mtungi gani ulitoka na siku gani. Na kwa kuwa mahakamani neno la mtumwa si kitu mpaka litolewe kwa mateso, atamtoa Lide ahojiwe kwenye gurudumu mbele ya watu wa pande zote mbili. Straton akikubali, Lide atasema na mambo yamekwisha. Akikataa, huko kukataa kwenyewe kutasomwa mahakamani kama ushahidi.

Nilimwuliza kama amejisikia alichosema. Huyu ni Lide aliyembeba mgongoni mpaka miaka mitano, aliyemtafunia mkate alipotoka vidonda vya mdomo. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Mama, hawatamvunja. Wataanza tu, yeye atasema upesi, watamfungua. Lide hana cha kuficha." Kisha akamgeukia akicheka: "Au unacho, bibi kizee wangu?"

Lide akasema, "Sina, mwanangu," akatia konzi nyingine ya shayiri kwenye jiwe.

Bakuli la dengu lilinitoka mikononi. Nikamwambia Eupolemo kwamba ni uzee. Nikamwomba anipe siku moja kabla ya kupeleka neno hilo kwa msuluhishi, akanipa.

Sasa, Menilo, kama umesimama, keti.

Unakumbuka jinsi nilivyobaki katika nyumba hii na mimba Fanias alipokufa. Mkuu wa Mwaka, yule hakimu wa Athene anayewalinda wajane na mayatima, alinichukua chini ya ulinzi wake, na hakuna aliyeruhusiwa kunigusa wala kuigusa mali mpaka nijifungue. Nikizaa mtoto wa kiume, yeye ndiye mrithi. Nikitoka mikono mitupu, kila kitu ni cha Straton, na mimi narudi kwako nitafutiwe mume mwingine. Uchungu ulinishika mapema, mwezi wa nane, siku ile ambayo Erkia nzima ilikuwa imekwenda Brauron kwenye sikukuu na mkunga akaenda nao. Tulikuwa mimi na Lide. Nilizaa asubuhi. Alikuwa wa kiume, na nywele za Fanias, nyeusi, zimeshikana na paji la uso. Hakulia. Lide alimpulizia puani, akampigapiga nyayo, akamtia kwenye maji ya vuguvugu, akamtia kwenye ya baridi. Hakulia, kaka. Tulimzika nyuma ya ukuta wa bustani, ndani ya chungu nilichokuwa napikia dengu, kwa sababu hatukuwa na kingine.

Adhuhuri Lide alichukua kapu akaniambia nifunge mlango na nisiufungue hata kwa mungu. Alirudi jua likianza kuegemea. Ndani ya kapu mlikuwa na mtoto anayelia kwa njaa. Akaniambia, "Mnyonyeshe kwanza, bibi. Leo usiniulize, na kesho usiniulize." Sijamwuliza mpaka leo. Sijui kama alimwokota kule njia panda wanakowaacha wale wasiotakiwa, au kuna mwanamke aliyempa kwa mkono wake. Sijui kama ametoka kwa huru au kwa mtumwa, kwa Mwathene au kwa mgeni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimpokea. Ningependa kukuambia kwamba ni kwa ajili ya Fanias, jina lake lisifutike. Au kwamba niliiogopa njia ya kurudi kwako, wakati huo ukiwa na madeni mpaka shingoni. Lakini ukweli ni kwamba maziwa yalikuwa yameanza kunijaa, na nguo yangu ilikuwa imelowa mbele, na yeye alikuwa analia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Kufikiri kulikuja baadaye, na hakujaondoka tena.

Wewe ulikuja siku ya kumi ukileta jogoo wa zawadi. Kwenye sikukuu ya koo Straton alimbeba mpaka madhabahuni, akaapa kwamba ni mtoto wa ndugu yake, na wewe ulisimama ubavuni mwake ukaapa kwamba ni mtoto wa dada yako. Kiapo chako kilikuwa safi. Uliapa unachokijua. Uongo ni wangu, na kama miungu inaandika, wameandika jina langu.

Sasa unaelewa kwa nini bakuli lilianguka. Lide ni mzee wa miaka sitini na zaidi. Ni shujaa kuliko sote, lakini mifupa yake si chuma. Wangemwuliza habari za mitungi, na maumivu hayachagui la kutoa. Na siri hiyo ikitoka, kijana wangu hapotezi shamba peke yake. Mtu aliyeingia katika daftari la raia kwa udanganyifu, mahakama ikimkuta na hatia, anauzwa. Mabega yale yaliyowachekesha wazee yangesimamishwa sokoni, watu wakayafinyafinya.

Asubuhi yake nilimwambia Eupolemo kwamba nakwenda kumjulia hali mke wa Straton. Nilimkuta Straton nyuma ya nyumba, anapogoa mizabibu. Alikuwa amekonda. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja na neno, na ukilisikia una haki ya kuniua hapahapa." Hakuacha kukata matawi. Akasema, "Kitovu."

Nikamwuliza kitovu gani.

Akasema: "Nilikuja siku ya pili kumwona mtoto wa ndugu yangu. Lide alikuwa anamwogesha. Kitovu kilikuwa kimekauka na kudondoka. Mtoto aliyezaliwa jana hana kitovu kilichodondoka, shemeji. Mimi nimelea mabinti wawili, vitovu navijua."

Niliketi chini kwenye udongo. Amejua miaka kumi na minane. Alijua siku alipombeba mpaka madhabahuni na kuapa.

Nilimwuliza kwa nini. Alijibu akiuangalia mkasi. Kwamba alitoka kwangu siku ile ameamua kwenda Athene kusema. Kwamba alifika mpaka kwenye kaburi la baba yao, akakaa pale, akafikiri: mimi sina mtoto wa kiume, Fanias hakuacha, nikisema leo nyumba ya baba imefungwa, na siku nikifa hakuna wa kutumwagia maji. Akarudi. Halafu akaniambia neno ambalo limekaa kichwani mwangu tangu hapo. "Kila nilipouza mafuta nilijiambia kwamba ni yangu, kwa sheria ni yangu. Nikiyachukua najiona mwizi, nikiyaacha najiona mjinga. Kisha siku ya wafu namwona yule mtoto anamwagia maji kaburi la Fanias, anamwaga taratibu asipoteze tone, nami narudi nyumbani siwezi kula. Mwaka unaofuata nauza tena."

Nilimwambia kuhusu Lide na gurudumu. Hapo akaacha kukata. Akasema atakataa. Watu waseme anaogopa ulimi wa mtumwa, wasome kukataa kwake mbele ya mahakama yote, lakini Lide hataguswa. Nikamwambia kwamba basi atashindwa, na akishindwa wataichukua nyumba hii, na wakwe zake watamrudishia mabinti. Akasema, "Nitashindwa. Neno moja tu lingeniokoa tangu siku ya kwanza. Lakini baada ya neno hilo wangemuuza. Na mimi ndiye niliyemfundisha kupanda farasi." Akainama akaendelea na kazi, na mimi nikajua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Nilirudi kwa miguu polepole. Yule mtu amekula mali, ni kweli, na mimi nimemfanya aishi na mtego huo. Ningeweza kunyamaza. Eupolemo angeshinda, Lide angekuwa salama, mimi ningekaa mezani na funguo kiunoni. Nilifika kwenye daraja nikasimama, nikajaribu kujiona nikinyamaza, nikashindwa.

Basi sikia nilichofanya, Menilo, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie. Nilimkuta mwanangu uani. Nilimwambia kwamba baba yake mkubwa hakuila mali yake. Nilimwambia kwamba niliila mimi. Kwamba mimi ndiye niliyembembeleza Straton mwaka baada ya mwaka auze mafuta, auze mafundi, aliweke rehani shamba la bondeni, na kwamba fedha yote ilikwenda Lemnos, kwako, kwa sababu ulikwenda huko huna kitu. Kwamba Straton amenyamaza ili asimwaibishe mjane wa ndugu yake mbele ya mahakama. Na kwamba mali aliyowapa mabinti zake ilikuwa jasho lake mwenyewe.

Nilikutaja wewe. Nilihitaji mahali pa kuipeleka mali ile, mahali ambapo hawezi kwenda kesho kuuliza, na sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumtwisha mzigo kama huo.

Akauliza, "Mjomba pia?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kama hakusikia: "Mjomba Menilo? Aliyenibeba mabegani Pireo kunionyesha meli?" Nikasema ndiyo, huyo. Akatazama pembeni akasema, "Kumbe ile ngano aliyotutumia mwaka wa njaa ilikuwa yangu mwenyewe. Alikuwa ananirudishia kidogokidogo." Najua ile ngano uliitoa kinywani mwa watoto wako. Najua wifi yangu alikula magugu mwezi mzima. Nilimwambia ndiyo.

Hapo tu ndipo nilipolia, na yeye alidhani nalia kwa aibu.

Keshoye alikwenda akaiondoa kesi. Yule mwandishi wa hotuba alimcheka na fedha yake akabaki nayo. Kutoka huko alimpitia mzee Kefisio awe shahidi, wakaenda pamoja kwa Straton. Mke wa Straton amenisimulia: kijana alipiga magoti akamshika baba yake mkubwa miguu, akamwomba msamaha kwa lile neno la sokoni. Straton alisimama ameshika ukuta, uso umebadilika rangi, akawa anasema tu, "Inuka, inuka, usifanye hivyo, inuka." Nadhani hakuna mahakama ambayo ingemwadhibu zaidi ya hapo. Tangu siku ile ameuza nyumbu wake na shamba lake la juu, akaikomboa mizabibu ya bondeni, na lile jiwe aliling'oa mwenyewe kwa mtaimbo. Anamwambia Eupolemo kwamba ni zawadi. Watu wanasema Straton kumbe ni mtu mwema, na wanalisema mbele yangu makusudi.

Nyumbani mambo yako hivi. Eupolemo ananitimizia yote ambayo sheria inamtaka mtoto amtimizie mama yake, hakuna kinachopungua, si mkate wala nguo. Funguo za ghala alizichukua akampa Lide. Lide alinijia akilia, anataka kunirudishia, nikamwambia azivae na asithubutu kuzivua. Mbele za watu mwanangu ananiita mama. Tukiwa wenyewe hasemi nami, husema na Lide. "Mwambie mama yangu mvua inakuja, aanue nguo." Na mimi nimekaa pale pale, hatua tatu kutoka kwake. Nami namjibu kwa Lide vivyo hivyo, na yule mzee masikini anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliye kati ya mbwa wawili.

Utauliza kwa nini nisimwambie yeye mwenyewe ukweli, sasa amekuwa mwanamume. Kwa sababu namjua. Angeamka asubuhi akaenda mwenyewe mbele ya wanakata, akawaomba wafute jina lake. Nilimlea hivyo.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Usije Athene. Atakuandikia, na ana maneno makali aliyojifunza kwa yule wa vidole vya wino. Atakuita mwizi. Usikane. Ukikana ataanza upya kuuliza nani aliyekula, atarudi kwa Straton, na nyuma ya Straton yuko Lide. Aliniuliza ulinunua nini kwa fedha ile. Nilisema ng'ombe wawili, jembe, na mbegu za mwaka mmoja. Akikuuliza, sema vivyo hivyo. Najua ng'ombe hao uliwapata kwa kulima mashamba ya watu miaka minne mgongo ukipinda. Sema kwamba uliwanunua kwa fedha niliyokutumia. Wifi yangu mwambie au usimwambie, wewe ndiye unayejua kama anaweza kubeba. Ukinisamehe, nitashukuru maisha yangu yote. Usiponisamehe, usinisamehe, una haki. Lakini sema ng'ombe wawili.

Mtoto wa kukimbiza kondoo mbusu kwa ajili yangu, yeye hajui kitu bado. Goti lifunge sufu mbichi usiku, na mafuta ya moto. Ukimaliza kusoma itie barua hii motoni, usiondoke mpaka iishe yote. Lide anakusalimu; anasema anakukumbuka ukija na yule jogoo, na jinsi alivyokudonoa.

Miungu ikupe afya, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi niliyekukosea,
dada yako Aristila